Mwito wa Tatu

Bomba la maji la Changamwe, mwaka wa hamsini na tisa, halikuwa mahali pa kupendana. Wanawake walisukumana kwa viwiko, madebe yaligongana, malori ya mafuta yalipita karibu yakimwaga vumbi juu ya vichwa, na kila aliyekuwa nyuma alimtukana wa mbele kimoyomoyo huku mdomoni akimwuliza habari za watoto. Lakini mapenzi hayajui kuchagua mahali. Hapo hapo, Alhamisi moja asubuhi, Waridi binti Mwidani alimwona mwanamume mzima amepiga magoti kando ya barabara, fimbo ya chuma ameisimamisha juu ya bomba kubwa, na sikio amelibandika kwenye ncha ya fimbo.

Waridi alikuwa amevaa buibui lililopauka mabegani kwa jua, na chini yake ilichungulia leso mpya ya zambarau ambayo hakuna aliyemwambia aivae kwenda kuteka maji. Alikuwa ametembea kutoka Jomvu Kuu na debe tupu. Visima vya Jomvu vina maji ya chumvichumvi, na wenyewe wameyazoea. Bi Kafedha pia, bibi yake mzaa baba, aliyanywa maisha yake yote mpaka Ramadhani ya mwaka ule, kiharusi kilipomwangusha na kumwondolea sauti. Tangu hapo akawa anayatema. Maji ya bomba tu ndiyo aliyoyameza, na mjukuu aliyemlea ndiye aliyeyafuata.

"Bwana, hilo bomba lina homa?" Waridi aliuliza.

Yule mwanamume aliinua kichwa. Alikuwa mrefu, kaptura yake ya kaki imepigwa pasi utadhani anakwenda kupiga picha. "Haina homa, dada. Nasikiliza kama inavuja."

"Kama linavuja."

"Kama linavuja," alirudia kwa utiifu wa mwanafunzi, na wanawake wa msururuni wakacheka.

Akajieleza. Aliitwa Kioko, Mkamba wa Kibwezi, na kazi yake ilikuwa kulinda bomba lile linalotoka chemchemi za Mzima ndani ya mbuga ya Tsavo mpaka pwani. Alitembea kando yake kipande kwa kipande na kulisikiliza. Likivuja husikika kama samaki anayekaangwa, na likiwa zima huvuma tu, kama mtu aliyelala. Maji anayoteka dada leo, alisema, yalipita mbele ya hema lake siku mbili tatu zilizopita, na kabla ya hapo yalikuwa yanaogelewa na viboko. Mama mmoja alisonya na kuchungulia ndani ya debe lake.

Aliuliza jina. Binti wa Jomvu hampi mtu jina njiani, na Waridi alijifanya hakusikia. Lakini nyuma yake kulikuwa na mama asiye na subira, akaita, "Waridi, sogeza debe lako."

Kioko akasimama. Tabasamu lote likamtoka usoni.

"Hiyo jina nimesikia," alisema polepole. "Ndani ya bomba. Kule mbugani."

"Na hayo maneno umeshawaambia wangapi kabla yangu?"

"Sijaambia mtu, wangesema nina wazimu. Ni sauti ya mama mzee. Saa sita mchana, jua likiwa utosini. Anaita Waridi, anangoja, anaita tena. Kisha kimya. Tangu mwezi wa nne."

Msururu mzima ulicheka, na Waridi akacheka kuliko wote, kwa kuwa alikuwa hajapata kuchumbiwa kwa uongo mzuri kiasi kile. Alicheka nusu ya njia ya kurudi. Nusu ya pili alikuwa akihesabu miezi bila kutaka, na kila akihesabu aliangukia pale pale: mwezi wa nne, mwisho wa Ramadhani, ulimi wa bibi. Mwishowe alijikaripia, akaacha.

Nisiwachoshe na jinsi walivyopendana, maana hata wao hawakujua. Kila mwisho wa mwezi Kioko alishuka Changamwe kuchukua posho na vifaa, na kila mwisho wa mwezi Bi Kafedha alionekana ana kiu kuliko kawaida. Siku nyingine zote kulikuwa na simu. Waya wake ulifuata bomba kutoka kambi moja hadi nyingine mpaka bohari ya Changamwe, na palepale bohari kulikuwa na Jael, Mmaragoli mwenye meno meupe na moyo mweupe zaidi, aliyefagia ofisi na kushika ufunguo karani akienda kunywa chai. Ikawa Alhamisi saa nne asubuhi ni saa ya Waridi.

Mara ya kwanza nusura mapenzi yafie hapo. Kioko alizungusha mkono wa simu kule mbugani, akasikia kikombe cha kusikilizia kimeinuliwa upande wa pili, akaita, "Waridi?" Kimya. Akaita tena. Alisikia mtu akipumua tu. Alipoita mara ya tatu kwa sauti ya kukata tamaa, ndipo ilipotoka "Abee" laini, na moyo wake ukarudi mahali pake.

"Kwa nini unanitesa?" aliuliza.

Waridi alimweleza. Bi Kafedha alimfunza tangu angali mtoto wa kutambaa kwamba sauti usiyouona mwili wake haiitikiwi upesi. Binadamu wa kweli ataita mara tatu. Asiyekuwa binadamu huita mara mbili, kwani pumzi ya tatu hana. Ukimwitikia kabla, umekwenda naye. Sasa simu, aliuliza Waridi, mwili wake uko wapi?

Kioko alicheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo aliita mara tatu kila Alhamisi, ya tatu akiivuta kama mwadhini, na Jael mlangoni akiziba mdomo kwa upindo wa nguo. Wakizungumza Kioko alimwita roho yangu, naye akimwita Mkamba wangu na kumsahihisha ngeli. Neno moja tu hawakulitaja tena, ile sauti ya saa sita. Waridi hakuuliza. Kioko, aliyekuwa akiisikia bado, hakusema.

Mwezi wa kumi Kioko alikwenda Jomvu kuposa. Alikuwa amesilimu na kuanza kujifunza sala kwa Maalim Mwinyihaji wa Voi, na alivaa kanzu ya kuazima iliyoishia chini kidogo ya magoti. Mzee Mwidani, baba yake Waridi, alikuwa mshona kofia, mtu wa subira na matundu madogomadogo. Alimkaribisha mgeni kwa kahawa na tende, akamwuliza hali ya mvua huko bara, akamsindikiza hadi njiani. Kioko alifika kwenye mikoko ndipo akatambua kwamba ameshakataliwa.

Ndani ya nyumba mzee alisema waziwazi. Hakuwa na neno na Wakamba. Hofu yake ilikuwa mtu anayesilimu kwa ajili ya mwanamke, kwani siku mwanamke akimchosha ataacha kipi kwanza, mke au dini? Na juu ya hayo, ahadi ilikwisha kutolewa. Mbwana wa Likoni, mgane mwenye shamba na heshima zake, angemwoa Waridi mwezi wa Rajabu ukiandama.

Basi wakapanga kutoroka. Mpango ulikuwa wa Kioko lakini kanuni ilikuwa ya Maalim Mwinyihaji, aliyeitoa kwa shingo upande alipoulizwa mara nyingi: binti akiwa mbali na baba yake masafa ya marhala mbili, yaani safari ya mtu kupunguza sala, kadhi anaweza kusimama mahali pa walii, msimamizi wake wa ndoa. Voi ni zaidi ya hapo, na mbuga iko mbele ya Voi. Tena langoni mwa mbuga askari huandika kila aingiaye, na mshona kofia wa Jomvu hapiti bila kibali. Maalim mwenyewe alikuwa na idhini ya kadhi ya kuozesha. Wangemwoza kambini kando ya bomba, mashahidi wakiwa Bakari, askari wa mbuga, na mwenzake. Kitsao, dereva wa lori la bohari, angempandisha Waridi pamoja na magunia ya posho. Lililobaki lilikuwa siku tu, na siku ingetajwa Alhamisi.

Alhamisi ilifika. Kikombe cha simu kilikuwa cha moto, kwa kuwa kilipigwa na jua dirishani. Waridi alisikia, "Waridi?" Ilikuwa sauti ya Kioko. Akangoja.

Mwito wa pili haukuwa wake. Ulikuwa wa mwanamke, mpole, wa karibu mno, kama wa mtu anayemwamsha mwenzake. Kisha simu ikakatwa.

Mapenzi ni kitu cha ajabu. Alipokuwa bado anatetemeka kwa hofu, kabla hata jasho halijamkauka, wivu ulishaingia: yule ni nani aliye hemani mwa Kioko, na amelijuaje jina langu? Kufika nyumbani hofu ilikuwa imekwisha na wivu umebaki peke yake. Alhamisi iliyofuata hakwenda bohari. Wala hakukuwa na simu ya kupokelewa, Jael alimwambia baadaye, kwani upande wa pili nako kulikuwa kimya.

Wiki tatu zilipita hivyo. Shangazi yake, Mwanatabu, alianza kukata leso za harusi ya Likoni. Waridi alikonda, akamwosha bibi, akamlisha, akamnywesha, na Bi Kafedha akimtazama kwa yale macho yaliyobaki kuwa ulimi wake wote.

Ndipo Kitsao akaleta barua, imekunjwa ndogo kama hirizi. Kioko aliandika kwamba hajalala tangu siku ile. Aliita mara moja tu, na kabla hajaita tena akasikia mwanamke mzee akiita Waridi ndani ya simu. Akadhani bibi yake Waridi amemfuata mpaka bohari na kumfumania, akakata haraka ili asimtie aibu. Kama nyumbani wamejua, naomba msamaha. Kama bado wanitaka, Jumatano ijayo Kitsao anapanda.

Waridi aliisoma barua amesimama mlangoni. Alipomaliza aligeuka kumtazama Bi Kafedha kitandani, ambaye hakuwa ametembea wala kutamka neno kwa miezi minane.

Jael alimshauri asiende. Kwao Maragoli, alisema, mtu akiona jambo la namna hiyo hubaki nyumbani. Waridi alijibu kwamba akibaki nyumbani ataamkia Likoni.

Jumatano baada ya sala ya alfajiri alimnywesha bibi kikombe cha mwisho, akamlaza kwa ubavu, akambusu mkono. Vidole vya Bi Kafedha vilishika upindo wa leso yake. Havikuvuta, vilishika tu. Waridi alivifungua kimoja kimoja, na nawaambieni hiyo ndiyo kazi nzito kuliko zote alizopata kufanya, nzito kuliko debe lolote. Shangazi Mwanatabu alikuwa jikoni akipuliza moto. Hakuona kitu.

Lori lilipanda Mazeras, likapita Mariakani, likaingia nchi kavu ambako nyumba zilikwisha na miti ikawa haina majani. Kila Waridi alipotazama nje aliliona bomba, mara limezikwa, mara limetoka juu kama mgongo wa nyoka, likienda alikotoka yeye. Kitsao aliimba Kigiriama mpaka Voi. Baada ya lango la mbuga aliacha kuimba, wala hakusema kwa nini.

Askari aliandika: Waridi binti Mwidani, Jomvu Kuu. Ndovu walisimama mbali, wekundu kwa udongo, wasiotikisa hata sikio. Ilikuwa karibu saa sita na hapakuwa na upepo wala ndege. Kambi ilikuwa mahema mawili na kibanda cha bati, na mbele yake bomba juu ya vikingi vya saruji. Kioko alisimama hapo amevaa kanzu nyeupe. Safari hii ilimfika kwenye vifundo vya miguu.

"Umekuja," alisema, kama mtu asiyeamini.

"Nimekuja. Kanzu ya nani?"

"Yangu. Nimeshonewa Voi."

"Imekupendeza," alisema Waridi, na kwa muda wote wawili walisahau walipo.

Maalim Mwinyihaji alikuwa tayari mkekani, Bakari na mwenzake pembeni. Maalim alisema jua lipinduke kwanza, wasali adhuhuri sala ya msafiri, kisha aoze. Ni nusu saa tu. Kukawa hakuna la kufanya ila kungoja, na katika kungoja huko Waridi akaiona ile fimbo ya chuma imeegemezwa bombani.

"Bado yuaita?" aliuliza.

Kioko hakujifanya haelewi. "Kila siku. Mara mbili."

"Nipe."

Alipiga magoti kwenye udongo mwekundu na buibui lake, akabandika sikio. Kwanza alisikia maji tu, mvumo mzito wa mtu aliyelala. Kisha ukaja kutoka chini, kutoka upande wa pwani, kinyume cha maji yanakokwenda: Waridi. Aliijua. Ndiyo sauti iliyomwita kula, iliyomwita kusuka nywele, iliyomwita atoke mvuani. Waridi, iliita tena. Akafumba macho, akangoja kimya ambacho Kioko alikisikia kila siku tangu mwezi wa nne.

"Waridi."

Mara ya tatu.

Hakuna aliyemfunza la kufanya hapo ila bibi yake mwenyewe. Alisogeza midomo kwenye chuma cha moto.

"Abee, Bibi," alisema. "Naja."

Fimbo ikanyamaza. Lilibaki bomba na maji yake, basi. Waridi aliinuka, alama nyekundu ya chuma shavuni.

"Nirudishe Jomvu," alimwambia Kioko.

Maalim aliinua kichwa. Kioko alilitazama jua, akautazama mkeka, akamtazama mke ambaye alikuwa bado hajawa mke. "Ukirudi leo baba yako hatakuachilia tena," alisema. "Unajua?"

"Najua."

"Nikikuomba tusubiri sala? Nusu saa, Waridi. Nusu saa peke yake."

"Ukiniomba nitasubiri," alisema, na sasa machozi yalikuwa yakimtiririka. "Kwa hivyo usiniombe, roho yangu."

Kioko alikusanya upindo wa kanzu yake mpya mkononi. Kisha akaenda kumwambia Kitsao ageuze lori.

Walifika Jomvu jua likikaribia kuzama. Walilikuta jeneza njiani, limefunikwa kitambaa cha kijani, wanaume wakipokezana mabega kwa haraka ili wazike kabla ya magharibi. Hakuna aliyehitaji kuuliza. Kioko alishuka, akavua viatu, akaingia katikati yao na kutia bega lake chini ya jeneza. Mzee Mwidani alikuwa mbele, akamwona. Hakumwondoa.

Kwa binti yake alisema neno moja, walipokutana mlangoni baada ya maziko. "Umerudi."

"Nimerudi, baba."

"Haya, ingia ndani kwa wenzio."

Kijiji kizima kilijua. Mbwana wa Likoni alipata habari za lori kabla ya hitima, akatuma salamu za rambirambi na za kujitoa katika kifurushi kimoja. Waridi alikaa ndani siku arubaini, hakwenda bohari, wala hakuuliza habari za mtu. Aliamini amempoteza, na amempoteza kwa haki.

Baada ya arubaini Mzee Mwidani alimtumia mtu Kioko. Alimkalisha barazani, akaendelea kushona kofia yake, matundu mawili, matatu, kabla ya kusema.

"Maalim wenu ameniandikia," alisema. "Ulikuwa naye zaidi ya marhala mbili. Mkeka umetandikwa, mashahidi wako, nami sikuwa na mkono huko. Nani alikulazimisha kumrudisha?"

"Hakuna, mzee."

"Basi." Mzee alikata uzi kwa meno. "Nilikuwa naogopa utaacha kipi kwanza. Nimeona ulichoacha."

Alimwoza mwenyewe, msikitini Jomvu, mwanzo wa mwaka wa sitini, mkono wake ndani ya mkono wa Kioko. Jael alikuja na nguo ya maua makubwa na kulia kuliko jamaa wote.

Siku ya kutiwa hina Waridi alikuwa amekaa ndani, mikono imenyooshwa juu ya mto, shangazi Mwanatabu akimchora polepole. Wengine walikuwa wametoka kwenda kuangalia biriani. Shangazi aliinamia kidole cha mwisho na kusema, bila kuinua macho, kwamba kuna jambo hakumwambia mtu, kwa kuwa wangesema amerukwa.

"Bibi yako alisema, siku ile. Adhuhuri haijaadhiniwa. Mimi niko jikoni, nikasikia aita jina lako. Nikaingia mbio. Akaita tena, nami nasimama pale sina la kumjibu, mwana hayuko. Akaita mara ya tatu."

Shangazi alichovya kijiti kwenye hina tena.

"Halafu akanyamaza, mwanangu, akatega sikio, hivi, kama mtu asikizaye mlango. Akanitazama. Akasema, 'Ameitika.' Ndipo akafumba macho."

Nje mtu alijaribu ngoma. Waridi aliinua mikono kufuta uso, na shangazi akaishika, akamwambia atulie kwani hina bado haijakauka. Akamfuta yeye mwenyewe, kwa upindo wa leso.